Beringi ya Kushoto

Mzee Lupakisyo alilisikia gari la mwanawe kabla halijavuka reli. Halikuwa na kelele ya kutisha. Lilivuma tu, kama mtu anayeimba huku amefumba mdomo, na kadiri lilivyoongeza mwendo ndivyo uvumi ulivyopanda. Mzee akaacha kuchambua maharage ya mbegu, akainua kichwa. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa fundi wa karakana katika shamba la mkonge huko Kimamba, na masikio yake yalikuwa yamesoma kuliko yeye mwenyewe.

"Beringi," akasema peke yake. "Ya mbele. Imekwisha."

Gari lilipokaribia uani, mzee alinyanyuka, akachukua ungo wake, akaingia ndani na kurudishia mlango. Hakuwa amekasirika. Aliyekuwa akiendesha ni Katarina, mke wa mwanawe Gabrieli, na mzee huyu hakuwa mtu wa kuonana uso kwa uso na mkwewe.

Ndivyo alivyorithi. Baba yake alitoka Tukuyu kuja kukata mkonge, akaja na blanketi moja na mila zake zote. Kwa mila hizo, mke wa mwana hamtazami baba mkwe, hamtaji jina, wala hawapishani katika njia moja. Ni heshima, si chuki. Wanyakyusa wengi waliozaliwa hapa Kilosa walizisikia habari hizo kama hadithi, lakini Mzee Lupakisyo alizishika kama alivyokabidhiwa. Katarina alikuwa binti wa Kisanga, wa ukoo wa wakulima wa milimani, Waanglikana tangu mababu, na kwao hakukuwa na katazo kali kiasi hicho. Hata hivyo, miezi kumi na minne tangu aolewe, hakunung'unika hata siku moja. Akitaka kumwamkia mzee alimwambia mama mkwe wake, Tumwagile, "Mama, nipelekee shikamoo kwa baba." Tumwagile aliingia ndani kuipeleka shikamoo kama anayepeleka sahani ya chakula, kisha akarudi na marahaba.

Siku hiyo ya Ijumaa Tumwagile ndiye aliyekuwa abiria. Alipoingia ndani na kapu lake la sokoni, mzee alikuwa anamsubiri.

"Mwambie mkwe, beringi ya mbele kulia imekufa. Keshokutwa tunakwenda Mikumi. Kwa beringi ile hatufiki hata Ulaya."

Ulaya aliyoitaja ni kijiji kilichopo kwenye barabara ya Mikumi. Na safari ya keshokutwa haikuwa ya kuahirishwa: binti yao wa mwisho, Aneth, alikuwa anambatizisha mtoto wake wa kwanza.

Dirisha lilikuwa wazi, na Katarina alikuwa hatua tano tu kutoka pale, lakini Tumwagile alitoka kama ilivyo desturi, akarudi.

"Anasema asante, naye ameusikia mlio tangu juzi. Ila anasema ni ya kushoto."

"Ya kulia. Nimekaa humo na Gabrieli wiki iliyopita. Mlio ulitoka upande wa dereva."

Tumwagile akaenda tena, akarudi tena. "Anasema akikata kulia mlio unakuwa mkubwa, na akikata kushoto unapungua mpaka unapotea. Anasema gari likikata kulia, mzigo wote unaegemea gurudumu la kushoto."

Mzee akaweka ungo chini. Jambo hilo alilijua. Alikuwa amelifundisha kwa vijana wasio na idadi. Lakini safari hii alikuwa ameamua kwa kusikia tu, bila kupima, na yeye mwenyewe angemfokea kijana wa karakana aliyefanya hivyo.

Nje, Katarina akapiga jeki. Mzee alisikia gurudumu la kulia likizungushwa kwa mkono: likaenda laini, kimya, kama hakuna kitu. Kisha jeki ikahamia upande wa pili. Gurudumu la kushoto lilipozunguka, lilikwaruza kama mahindi makavu yanayosagwa juu ya jiwe.

"Mwambie," mzee akasema taratibu, "ni ya kushoto."

Sasa kazi ikawa nani ataibadilisha. Gabrieli, ambaye ni bwana shamba, alikuwa Dodoma kwenye semina mpaka Jumatano; hata safari ya Mikumi ilipangwa Katarina aendeshe, na mzee akae nyuma ya kanga iliyotundikwa. Fundi Kasian, ambaye familia ilimwamini, alikuwa Mvumi kwenye msiba wa shangazi yake. Na mzee mwenyewe, vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa vimejikunja kwa baridi yabisi; siku hizi hata kifungo cha shati alifungiwa na mkewe.

"Fundi yumo humu humu," Tumwagile akasema.

Mzee alijua anasema nani. Katarina alisomea ufundi wa magari chuoni Mikumi, kisha akafanya kazi miaka minne kwenye gereji ya hapo hapo, kando ya barabara kuu. Tangu aolewe alikuwa akitengeneza pampu za maji na matrekta madogo ya wakulima wa mpunga. Mzee aliyasikia hayo yote, na alikuwa akijisemea moyoni kwamba pampu ni pampu. Kutoa beringi iliyobanwa ndani ya chuma, nyumbani, bila mashine ya kushindilia, ni habari nyingine.

Lakini ubatizo haungojei. Akachomoa ufunguo wa sanduku lake la vifaa, sanduku ambalo Gabrieli mwenyewe hakuwahi kuruhusiwa kulifungua.

"Kila kitu kirudi mahali pake," akasema. "Mwambie."

"Nimekwisha kumwambia."

"Umemwambia saa ngapi? Hujatoka hapa."

"Nilimwambia siku alipoolewa," Tumwagile akajibu, akaondoka na ufunguo.

Jumamosi asubuhi Tumwagile alitundika mkeka mkubwa kwenye kamba ya nguo, katikati ya kibaraza na gari, ili mzee apate kukaa nje kwenye hewa bila kuvunja mila. Mzee akaketi upande wake, fimbo kati ya magoti, akatega sikio.

Alikuwa na orodha ya makosa aliyoyategemea. Kosa la kwanza: vijana huinua gari kwanza, kisha wanakumbuka nati kubwa ya ekseli, na gurudumu likiwa hewani nati haifunguki, kila kitu kinazunguka nayo. Alikuwa ameshavuta pumzi ya kumwita Tumwagile aliposikia sauti ya Katarina: "Mama, panda ndani ukanyage breki, uing'ang'anie." Gari lilikuwa bado chini. Kukawa na mlio wa bomba likivalishwa kwenye mkono wa spana ili kuurefusha, kisha kimya cha mtu anayeegemeza uzito wake wote, kisha nati ikalia kwiii na kuachia.

Mzee akaishusha pumzi yake.

Kosa la pili: kuiacha jeki peke yake ishike gari. Akasikia gogo likiburutwa na kusukumwa chini ya chasi. Kosa la tatu: kuitoa breki na kuiacha ining'inie kwa mpira wake mpaka mpira uchanike ndani. "Mama, nipatie ule waya," Katarina akasema, na mzee akajua breki inafungwa juu kwenye springi, mahali salama. Hata zile bolti mbili zinazoshika mguu wa gari, kabla ya kuzifungua Katarina alizitia alama. Mzee alisikia ncha ya msumari ikikwaruza chuma, akaelewa mara moja: zirudi pale pale zilipokuwa, gurudumu lisije likaenda kombo.

"Ameweka alama," akajinong'oneza.

"Unasemaje?" Tumwagile akauliza kutoka upande wa pili.

"Sisemi kitu."

Saa nne hivi, kile kiwiko cha chuma kinachobeba beringi kilikuwa juu ya meza ya mbao, na hapo ndipo mzee aliposogeza kiti chake karibu zaidi na mkeka. Karakanani Kimamba walikuwa na mashine ya kushindilia yenye urefu wa mtu. Hapa palikuwa na nini? Nyundo. Na nyundo hutoa beringi ya zamani kwa shida na huua beringi mpya kwa urahisi. Akaisubiri nyundo.

Haikuja. Kilichokuja ni mkwaruzo wa spana ikikaza kitu kirefu, taratibu, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Katarina alikuwa na bolti moja ndefu yenye nyuzi mwanzo mpaka mwisho, mabamba mawili mazito ya chuma, na kipande cha bomba nene, vyote alivyokuja navyo kutoka gereji ya Mikumi ndani ya mfuko wa unga. Bolti ilipita katikati. Bamba likakaa huku, bomba likakaa kule. Ukikaza nati, kilichomo ndani kinavutwa nje bila kupigwa hata kofi. Mzee hakuviona vitu hivyo, ila alivijenga kichwani kwa kuvisikia, kimoja kimoja, na alipomaliza kuvijenga akatikisa kichwa. Miaka thelathini na mmoja, na hakuwahi kufikiri kwamba mashine ile ya Kimamba ingeweza kuingia kwenye mfuko wa unga.

Beringi ya zamani ilitoka na kuangukia mezani kama jiwe. Tumwagile aliipitisha chini ya mkeka ili mzee aione. Goroli zake zilikuwa na mabaka, grisi imekuwa nyeusi kama masizi.

"Bado kuweka," mzee akasema. "Kutoa kila mtu anatoa."

Beringi mpya, aliyoinunua Katarina mjini jana yake jioni, ilikuwa haipo pale. Tangu usiku uliopita ilikuwa imelala kwenye friza la jirani yao Monica, anayeuza barafu za watoto, imefungwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki. Katarina alimtuma mama mkwe akaichukue, na yeye akakifuta kiwiko mpaka kikang'aa, akakiweka juu ya jiko la mkaa. Chuma cha nje kikipata moto kinatanuka. Beringi ikipata baridi inasinyaa. Vikikutanishwa haraka, kimoja kinaingia ndani ya kingine bila ugomvi. Lakini ni haraka kweli. Dakika mbili tatu tu, kisha vyote viwili vinapoana na kukamatana, na pale vilipokamatana ndipo vitakapobaki.

Tumwagile akarudi anakimbia na beringi ndani ya kanga, anapuliza vidole. Katarina akakitoa kiwiko kwenye jiko kwa koleo, akakiweka mezani, akaiweka beringi mdomoni mwa tundu, akapitisha bolti.

"Mama, shika hii spana ya chini, isizunguke. Mimi nakaza ya juu."

Spana ya juu ikaanza. Robo, robo, robo. Mzee alihesabu naye. Ilikuwa imefika kama theluthi ya safari aliposikia chuma kikiteleza, spana ikianguka chini, na mkewe akipiga yowe.

"Mama!"

"Kidole tu. Kimebanwa tu. Endelea, mwanangu, endelea!"

Lakini nani ashike ya chini? Mzee alisikia pumzi za Katarina, za haraka. Akasikia na kitu kingine: meza ikigota upande mmoja. Kiwiko kilikuwa kimeinama. Beringi ilikuwa inaingia kombo.

Kila fundi anajua saa ile. Chuma kinapoa, jasho linaingia machoni, na mkono unataka kukaza kwa nguvu ili jambo liishe. Ndivyo beringi nyingi zinavyokufa kabla hazijatembea hata hatua. Mzee alifumba macho akingoja kusikia ikikazwa.

Badala yake alisikia spana ikirudi nyuma. Katarina alikuwa analegeza. Kwa utulivu, kama mtu mwenye siku nzima mbele yake, alirudisha nati, akaigonga beringi mara mbili kwa mpini wa nyundo, tap, tap, ikarudi mdomoni. Alikuwa amepoteza dakika nzima aliyokuwa hana, ili aanze sawasawa.

Mzee Lupakisyo akausukuma mkeka kwa fimbo yake, akapita.

Tumwagile alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ameshika kidole. Katarina, aliyevaa ovaroli la bluu na kilemba, alimwona, akainamisha uso papo hapo na kugeuka pembeni.

"Mwambie mkwe," mzee akasema, akimtazama mkewe, "aniambie nishike wapi."

"Mwambie mwenyewe," Tumwagile akasema. "Mimi nina kidole."

Mkaa ulipasuka kwenye jiko. Mzee akajikohoza.

"Mwanangu, nishike wapi?"

Katarina hakuinua macho. Lakini mkono wake ukanyooka, ukaonyesha. "Hapo chini, baba. Spana iegemee mguu wa meza. Na mkono mwingine kiwikoni, kiwe sawa na meza."

Vidole vya kulia vilikuwa havifungi, basi mzee akaiegemeza spana kwa kiganja na kuikandamiza kwa goti. Kwa mkono wa kushoto, uliofunikwa na kitambaa, akakishika kiwiko chenye moto.

"Kushoto kidogo, baba. Inua. Hapo."

"Hapo?"

"Hapo hapo. Usitikisike."

Hakutikisika. Tangu aache kuwa mwanafunzi wa karakana hakuna mtu aliyemwambia asitikisike. Robo, robo, robo. Mara hii beringi ilikwenda wima, na mzee aliihisi kwenye mifupa ya kiganja chake ikiteremka bila kugoma, mpaka spana ya juu ikabadilisha sauti, ikawa nzito, ikakataa.

"Imekaa," wakasema wote wawili kwa pamoja.

Katarina akaibana ile pete ya chuma inayoizuia beringi isitoke. Ikalia ta! ndani ya mfereji wake. Ndipo alipopiga goti, macho bado chini, akasema, "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Kisha akaongeza: "Pale ulipolegeza. Mimi ningekaza. Nakwambia kweli, mimi ningekaza, na ningeiua."

Tumwagile akasema neno kwa Kinyakyusa, akacheka, kisha akaguna kwa maumivu ya kidole.

Saa nane gari lilisimama kwenye magurudumu yake manne. Mzee alilizungusha lile la kushoto mwenyewe kabla halijashushwa. Halikusema kitu.

Jioni, hata hivyo, alianza kupata wasiwasi. Mila ya baba yake alikuwa ameivuka kwa miguu yake mwenyewe, mchana kweupe. Akampigia simu kaka yake mkubwa kule Tukuyu, mzee wa miaka themanini na mmoja, akamweleza kila kitu kama anayeungama: mkeka, beringi, kidole, spana. Akauliza kama kuna kitu cha kutoa, kuku au mbuzi, ili njia iliyofunguliwa ifunguke kwa heri.

Kaka yake alimsikiliza mpaka mwisho.

"Lupakisyo," akasema, "wewe bado unafanya mambo hayo huko? Mimi mkwe wangu ndiye anayenipeleka hospitali kwa pikipiki. Namshika kiunoni nisianguke." Akacheka mpaka akapaliwa. "Chinja kuku, mle wote. Si kwa ajili ya mila. Kwa ajili ya kazi aliyoifanya."

Kuku akachinjwa. Walikula meza moja, na Katarina hakusema sana, ila mzee alimwuliza habari za ile bolti ndefu, na akishaanza kueleza mambo ya chuma binti yule alisahau kuinamisha uso.

Jumapili walitoka alfajiri. Mzee alikaa mbele, kidirisha kimeshushwa kidogo, sikio limetegwa. Walipita Ulaya, vumbi likawafuata, milima ikaanza kushika jua, na katika kila kona ya kulia mzee aliacha kuongea ili asikilize. Palikuwa na upepo, na mawe madogo yakigonga chini ya gari, na Tumwagile nyuma akiimba polepole, kidole kimefungwa kitambaa. Uvumi haukuwepo. Katikati ya safari Katarina alimweleza habari za pampu ya mtu mmoja wa Mvumi inayovuta maji na kuyatapika njiani, na wakajadiliana mpaka walipoiona barabara kuu.

Baada ya ibada watu walikusanyika nyumbani kwa Aneth na mumewe, Cornel. Kaka yake Cornel aitwaye Mathias, dereva wa malori yaendayo Tunduma, alisikia habari ya beringi kutoka kwa Tumwagile, ambaye kidole chake kilimlazimu kuisimulia kila aliposalimiwa.

"Nyumbani?" Mathias akauliza. "Bila mashine? Mama, mkwe wenu atakuwa ameigonga na nyundo. Hiyo haimalizi mwezi."

Mzee Lupakisyo akamwomba Katarina ufunguo, akamtupia Mathias.

"Nenda nalo mpaka karibu na geti la mbuga, urudi. Ukisikia kitu, njoo uniambie mbele ya watu hawa."

Mathias akaenda. Alikawia kama nusu saa. Aliporudi hakwenda kwanza kwenye sahani yake. Alichuchumaa kando ya gurudumu la kushoto, akaweka kiganja kwenye chuma kuona kama kina joto, akalisukuma huku na huku. Kisha akaja polepole pale walipokaa wanaume.

"Baba, nina Hiace yangu hapa Mikumi inavuma mbele, nimeshabadilisha beringi mara mbili mwaka huu na inarudia. Huyu fundi wako anaitwa nani? Nimletee kesho, Jumatatu?"

"Anaitwa Katarina," mzee akasema, kwa sauti iliyofika mpaka upande wa wanawake. "Ila Jumatatu haitawezekana. Jumatatu tuna pampu Mvumi."